Geti la Ambulensi

Jumatatu, 3 Machi. Kitale.

Stima imerudi saa nne. Kabla ya hapo nimeandika kwa betri, jicho moja kwenye ripoti, jingine kwenye asilimia zinazoshuka. Chini ya ofisi yetu, duka la pembejeo limejaa. Foleni ya mbolea imefika barabarani. Mvua bado. Kila mtu anaangalia juu.

Ripoti ni ya mageti ya API, njia ambazo programu huzungumziana. Kila ombi linalotoka kwenye simu ya mteja hupita getini kabla ya kufika kwenye huduma yake. Geti linauliza wewe ni nani, linahesabu umeomba mara ngapi, kisha linakuelekeza. Miaka sita tumetumia geti moja kwa wateja wote: ushirika wa maziwa, shule mbili, wafugaji wa kuku wa Kimilili, na ambulensi za Bungoma.

Nimeandika wazi, bila kupamba. Geti la pamoja ni rahisi kulitunza. Ukiziba ufa, umewazibia wote. Lakini kikomo cha maombi ni kimoja. Jirani akijaza, wengine wanakataliwa, na geti haliulizi nani ana haraka. Geti la peke yake lina gharama na lina kazi. Vyeti vyake vya usalama, masasisho yake, mtu wa kulichungulia kila wiki. Likisahaulika linaoza.

Kwa maziwa, kuku na shule, la pamoja linatosha. Ambulensi wapewe lao.

Nimemtumia Ruth. Yeye yuko ofisi yetu ya Bungoma, anashughulika na wateja. Mimi ni wa mashine, yeye ni wa watu. Kampuni ni yetu sisi wawili, na tuligawana hivyo tangu chuo, tulipokuwa tunalala chumba kimoja na kupikia sufuria moja.

Jumatano, 5 Machi. Bungoma.

Kikao na kamati ya ambulensi. Ni shirika dogo la makanisa: magari manne, madereva wanaopokezana zamu, zahanati kumi na moja kuanzia mjini hadi kule juu mlimani. Muuguzi anabonyeza simu, mfumo unatafuta gari lililo karibu na lisilo na mgonjwa, dereva anaitwa. Mwenyekiti ni Mwalimu Khisa, mwalimu mkuu mstaafu. Anaandika kila kitu kwa kalamu.

Ruth ndiye aliyesimama kuongea. Alisema maneno yangu, mengine neno kwa neno, lakini kutoka kwake yalisikika matamu zaidi. Sikuona wivu. Niliona fahari.

Sista Metrine, muuguzi wa zahanati ya upande wa Sirisia, aliinua mkono.

"Sasa hiyo geti, siku watu wa maziwa wamejaa, mimi nitapita?"

"Utapita," Ruth akamwambia. "Hiyo iko yenu peke yenu. Hakuna mtu mwingine atakanyaga hapo."

Metrine aliniangalia mimi, si Ruth. Nikaitikia kwa kichwa.

Kamati imekubali.

Ijumaa, 21 Machi

Geti limekwisha. Wiki mbili na siku mbili. Leo nimelijaribu vibaya iwezekanavyo. Nimerusha maombi ya uongo elfu na elfu kwenye geti la pamoja mpaka likaanza kukataa watu. Kisha nikatuma ombi moja la ambulensi kwenye geti jipya. Sekunde mbili. Dereva Wanyama amejibu kwa simu, "Nimeona, madam, lakini hakuna mgonjwa." Nimemwambia ndiyo, hakuna, ahsante.

Nimeandika mwongozo pia, kurasa tisa. Hata mtu asiye fundi akiufuata polepole atafika.

Nimeridhika. Ni neno ambalo huwa siandiki.

Jumatatu, 24 Machi

Malaria. Nimelazwa hapa Kitale tangu jana jioni. Dripu mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Kichwa kama kina nyundo ndani.

Ruth amekuja kutoka Bungoma akiwa na chupa ya uji. Ameniambia nimpe ufunguo wangu wa mfumo, jina na neno la siri, ili kazi ikitokea asinisumbue. Nimempa. Nani mwingine ningempa?

Alhamisi, 27 Machi

Nimeruhusiwa. Miguu haina nguvu. Ruth amenifikisha hadi nyumbani, amefua shuka, amepika mrenda na ugali wa wimbi. Mama amenipigia simu akasema mtu kama Ruth ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Nimekubaliana naye.

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudi ofisini. Polepole.

Habari kubwa. Ile kampuni ya mbegu ambayo Ruth ameifuata tangu mwaka jana imeingia. Tayari wako hewani. Wakulima wanasajili mbegu na mbolea kwa simu, na meneja wao amesema hajawahi kuona kitu chepesi hivyo.

Nimemuuliza Ruth wanapitia geti gani. Amesema wana lao. Amelitengeneza mwenyewe kwa mwongozo wangu nilipokuwa naumwa.

Nimeshangaa kidogo. Mimi wiki mbili, yeye siku chache. Lakini mwongozo ulikuwa mzuri. Nimempongeza. Amecheka, akasema, "Umenifunza vizuri bana."

Mvua imeanza.

Jumanne, 8 Aprili

Siwezi kuandika vizuri. Nijaribu kwa mpangilio.

Saa nane na dakika ishirini mchana, Sista Metrine amenipigia. Sauti ya chini sana, ile sauti ya wauguzi wanapokuwa na hofu. Ana mama kwenye uzazi, mtoto amekwama, damu inatoka. Amebonyeza ombi la ambulensi mara nane. "Inaniambia ati maombi ni mengi, nijaribu baadaye. Nafula, maombi ni mengi ya nani? Si mlisema hii iko yetu?" Ana namba ya dereva mmoja tu, na huyo leo hayuko zamu.

Nimefungua ukurasa wa geti la ambulensi. Kijani tupu. Hakuna kosa hata moja. Nikafikiri tatizo ni simu yake. Nimepoteza dakika tano nzima kufikiri tatizo ni simu yake.

Kisha nikasoma majina ya maombi yanayopita. Mahindi. Mbolea. Mahindi. Mbegu ya maharagwe. Hakuna ambulensi hata moja. Geti langu limejaa mbegu.

Nikaenda kwenye geti la pamoja. Shule zimefunga muhula, leo zimetoa matokeo kwa simu, na kila mzazi alikuwa anabonyeza. Katikati ya maelfu ya wazazi, maombi manane ya Metrine. Yote yamekataliwa.

Nimempigia Wanyama mwenyewe, kwa simu ya kawaida. Alikuwa karibu na Mabanga, hana mgonjwa, ameegesha tangu adhuhuri. Hakuna aliyemwita. Ameondoka mbio. Amefika zahanati saa tisa na nusu. Metrine alibonyeza mara ya kwanza saa saba na dakika hamsini.

Mama huyo anaitwa Everlyne. Sijui zaidi ya hapo.

Baada ya Wanyama kuondoka nimerudisha ambulensi kwenye geti lao. Nimewawekea mbegu kikomo. Nikakosea neno la siri mara mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Metrine amepiga asubuhi. Mtoto mzima, msichana. Mama mzima. Wamempasua Bungoma. Damu ilikataa kusimama, wakatoa kizazi.

Ana miaka ishirini na miwili. Ni mtoto wake wa kwanza.

Metrine amesema, "Tushukuru Mungu wako hai." Nimesema ndiyo. Nimefunga simu, nikaenda kukaa chooni mpaka mtu akabisha.

Mchana nimefungua kumbukumbu za seva. Kila badiliko linaandikwa: safu ya kwanza saa, ya pili jina la mwenye ufunguo, ya tatu kompyuta iliyotumika. Jumanne, 25 Machi, saa nne asubuhi: ambulensi wametolewa kwenye geti lao, wakarudishwa la pamoja. Saa nne na dakika kumi: mbegu wameingizwa. Jina: langu. Kompyuta: ya ofisi ya Bungoma.

Tarehe 25 nilikuwa kitandani na dripu.

Hakutengeneza geti lolote. Alichukua la wagonjwa akawapa watu wa mahindi. Kwa ufunguo wangu. Na jioni yake aliniletea uji tena.

Sijalia. Nahisi baridi tu.

Alhamisi, 10 Aprili. Bungoma.

Nimekwenda ofisini kwake. Nimeweka karatasi mezani. Hakukana. Alifunga mlango kwanza, akaketi.

"Nilikuwa nitarudisha," akasema. "Niliwaahidi watu wa mbegu watapata geti lao kabla ya msimu. Wewe unaumwa. Mimi nifanye nini? Mvua haingoji mtu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

 Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau. "Ambulensi ni maombi kumi na mawili kwa siku, Nafula. Siku nyingine tano. Geti zima la watu kumi na wawili? Mbegu ni maelfu."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayefundisha hesabu. Na nilielewa kwamba ripoti yangu aliisoma yote, akaiweka kichwani, akaihubiri mbele ya kamati, na hakuamini hata mstari mmoja. Ndiyo maana hasa nilitaka wawe na lao. Wanaoomba mara chache ndio hawasikiki wakati wengi wanapiga kelele.

Nimemwambia kuhusu Everlyne. Alikuwa hajajua la upasuaji. Alifunika uso. Kwa dakika moja nilimwona yule Ruth wa chuo, nikataka kumshika bega.

Kisha akaondoa mikono usoni akasema, "Tuwaambie ni seva ilianguka. Seva huanguka. Watu wanaelewa."

Nimechukua karatasi zangu nikaondoka. Hakunifuata.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilidhani nimeshaona mwisho wake. Kumbe.

Mwalimu Khisa amepiga. Ana barua mkononi kutoka kampuni yetu, imefika jana mchana. Amenisomea taratibu, kama imla. Kwamba kampuni inasikitika. Kwamba mhandisi wetu wa Kitale alifanya badiliko bila idhini. Kwamba alikuwa mgonjwa siku hizo na huenda hakuwa na utulivu wa akili. Kwamba hatua zitachukuliwa.

Imeambatana na ukurasa wa kumbukumbu za seva. Jina langu limepakwa rangi ya njano.

"Hiyo karatasi ina safu ngapi, Mwalimu?" nikauliza.

Akahesabu. "Mbili. Saa, na jina."

Amekata safu ya tatu.

Mwalimu amesema kamati itakaa Jumatatu na nije na lolote nililo nalo. Hakusema ananiamini. Hakusema haniamini. Walimu wa zamani wako hivyo.

Hasira imekuja leo. Jumatano ilikuwa baridi, leo ni moto. Nimeosha vyombo vyote vya nyumba hii, hata visafi.

"Hakuwa na utulivu wa akili." Aliandika hivyo mtu aliyenikamulia kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani nimekaa nyuma. Sikuweza kuimba.

Mama anasema nisiende kwenye kamati, tusuluhishe wawili, vita vya panzi furaha ya kunguru. Nimemwambia hivi si vita vya panzi wawili, Mama. Kuna mtu wa tatu, amelala hospitalini. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 14 Aprili. Bungoma.

Naandika ndani ya chumba cha kanisa ilimokaa kamati. Wote wameshaondoka. Mlinzi amenikubalia nimalizie.

Tulikuwa saba. Mwalimu Khisa, wazee wawili wa kamati, Sista Metrine, Wanyama kwa niaba ya madereva, Ruth, na mimi. Ruth alivaa ile suti ya kijivu tuliyonunua pamoja Eldoret. Hakuniangalia.

Nilitoa karatasi mbili. Ya kwanza, kumbukumbu kamili, safu tatu. Ya pili, barua ya kuruhusiwa hospitalini. Nimeingia tarehe 23 jioni, nimetoka tarehe 27. Sikutoa hotuba. Niliwaeleza safu ya tatu ni nini, nikaketi.

Mzee mmoja akataka kujua, "Haiwezekani ulifanya ukiwa kitandani, kwa simu?"

"Ingekuwa simu, mzee, hapo pangeandikwa simu. Pameandikwa kompyuta ya ofisi ya Bungoma."

Mwalimu Khisa akaziweka karatasi mbili pamoja, ya Ruth na yangu, akazipanga kingo kwa kingo. Ya Ruth ilikuwa nyembamba. Akamgeukia. "Mama, hii yako imekatwa?"

 Nje wanakwaya walikuwa wanafanya mazoezi, wanarudia mstari uleule, sauti ya tatu inakosea palepale.

"Nilitumia ufunguo wake," akasema.

Basi.  Sikuwa na furaha niliyoitarajia. Nilihisi kama mtu aliyeng'olewa jino.

Sista Metrine ndiye aliyeongea baadaye. Hakupandisha sauti. Alimuuliza Ruth, "Nilikuuliza hapa hapa, kwa hii kiti, kama nitapita. Ukasema nitapita. Wakati unasema, ulikuwa unajua?"

"Hapana, Sista. Wakati ule nilikuwa nasema ukweli."

"Na ulipobadilisha, mbona hukunipigia uniambie, 'Sista, ile kitu si yako tena'? Ningetafuta njia nyingine. Ningeweka namba za madereva wote kwa ukuta. Mimi nilibonyeza mara nane kwa sababu nilikuwa naamini."

Ruth aliangalia kiti kile. 

Kisha Metrine akanigeukia mimi. Nilijua atanigeukia.

"Na wewe, mdogo wangu. Ulirudi kazini lini?"

"Tarehe mbili."

"Na hii ilitokea tarehe nane. Hizo siku sita, uliangalia hilo geti?"

Niliandika mwenyewe kwenye ripoti: mtu wa kulichungulia kila wiki. Sikuchungulia. Niliambiwa mbegu wana geti lao lililojengwa kwa siku chache, nikashangaa, nikapongeza. Niliona kitu kisichowezekana nikakiita urafiki.

"Sikuangalia," nikasema. "Na ufunguo nilimpa mwenyewe. Hilo ni langu."

Metrine akatikisa kichwa mara moja. Sikujua ni kusamehe au ni kukubali tu kwamba amesikia.

Uamuzi: wanaondoka kwenye kampuni yetu. Watafungua akaunti yao wenyewe, geti liwe chini ya jina lao. Wameniomba mimi nilijenge, si kampuni. Mwalimu ameongeza sharti: funguo ziwe mbili, moja kwangu, moja kwa kamati, na hakuna badiliko mpaka zote zitumike. Nimesema ni sharti zuri. Ningelifikiria mwenyewe mwezi uliopita kama ningekuwa mtu wa kushuku watu.

Kila zahanati itabandika namba za madereva ukutani. Hilo ni la Metrine.

Ruth amenikuta kwenye ngazi. "Umenimaliza, Nafula."   Nikampisha apite.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeandika barua ya kutoka kwenye kampuni. Mistari minne. Miaka sita, mistari minne.

Ruth amejibu kwa ujumbe: Sawa.

Jumamosi, 19 Aprili

Sitaki kuamka. Naamka.

Kinachoniuma si kazi. Ni kwamba sasa napitia kila kitu cha nyuma. Ile safari ya Kimilili ambayo Ruth alisema mteja ameahirisha. Yule mteja wa kuku ambaye, kwa maneno ya Ruth, alilalamika kwamba simjibu simu. Nimekuwa mkaguzi wa urafiki wangu mwenyewe, na kila nilichokiona chema nakigeuza nitazame chini yake. Pengine hakuna kitu. Hilo ndilo baya. Sitajua tena.

Namchukia. Nimeandika. Kesho huenda nikafuta.

Ijumaa, 25 Aprili. Sirisia.

Sikufuta.

Leo nimekwenda na Sista Metrine kwa kina Everlyne. Nyumba ya mabati, kahawa upande mmoja, mahindi yamefika kwenye goti. Mumewe, Isaac, alikuwa anapalilia. Aliacha jembe akaja kunisalimia kwa mikono miwili. Hakujua mimi ni nani. Aliponisalimia vile nilitamani ardhi inimeze.

Everlyne ni mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alikaa upande, kwa sababu ya mshono. Mtoto ananyonya kwa nguvu, macho amefumba, mkono umeshika nguo ya mamake. Mama mkwe alituletea chai na viazi vitamu.

Metrine aliwaambia mimi ni mtu wa ile mashine ya ambulensi.

Everlyne akaniangalia. "Sista aliniambia siku ile ati ni mtandao."

Ningeweza kuiacha hapo. Metrine aliangalia kikombe chake. Alikuwa ananiachia nafasi ya kuiacha hapo.

"Haikuwa mtandao," nikasema. "Mlikuwa na njia yenu. Mwenzangu aliwatoa akaweka wengine, na mimi sikuangalia. Ni sisi."

Isaac akaweka kikombe chini. Nilifikiri atanifukuza, na ningeondoka. Alitoka nje. Baada ya muda tulisikia jembe tena.

 Everlyne alimhamisha mtoto kwenye titi la pili. Kisha akasema, "Nilikuwa nataka wanne." Si kwa kunilaumu. Alisema kama unavyosema ulitaka kupanda maharagwe upande ule.

Sikumwambia pole. Nilikuwa nimeshasema mara tatu na lilikuwa limeanza kusikika dogo.

Wakati wa kuondoka aliuliza, "Na huyo mwenzako, atakuja?"

"Sijui."

"Mwambie akuje. Sitamfanyia kitu. Nataka tu aone mtoto."

Tumeshuka barabarani. Metrine alinishika mkono mpaka stejini. Viganja vyake ni vikavu kwa sabuni ya hospitali.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwandikia Ruth. Nimeandika tu alichosema Everlyne, na jinsi ya kufika. Sikuweka salamu. Amesoma. Hajajibu.

Ijumaa, 2 Mei

Kazi, kazi. Akaunti ya ambulensi imefunguliwa kwa jina lao. Mwalimu Khisa amekuja Kitale mwenyewe kuchukua ufunguo wa pili. Ameuandika kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya Biblia. Nimemweleza kwamba hivyo si salama. Amesema Biblia yake haijawahi kuibwa. Tumekubaliana kwenye sefu ya kanisa.

Amenitaka nimweleze kama geti la pamoja ni baya. Nimesema hapana, Mwalimu. Watu wa maziwa wako pale miaka sita na hawajapata shida. Si geti lililodanganya.

Jumatano, 7 Mei. Bungoma.

Leo asubuhi geti limeanza kazi. Tumelifungua kwa funguo mbili, mimi na Mwalimu, kila mmoja kwenye kompyuta yake, ofisini kwa kamati. Mvua ilinyesha alfajiri, kumetulia sasa.

Ombi la kwanza la kweli limekuja saa tano kasoro. Zahanati ya mlimani, mzee aliyeanguka kutoka kwenye paa. Sekunde mbili. Wanyama alikuwa barabarani kabla sijamaliza kusoma. Saa sita na robo Metrine amepiga kutoka kwake, hakuwa na mgonjwa, alitaka tu kujua. Nimemwambia limepita. Akasema, "Haya," akakata.

Amesema pia, kabla ya kukata, kwamba jana kuna mwanamke alishuka Sirisia peke yake, akauliza njia ya kwa Isaac. Alikaa kama nusu saa. Aliporudi stejini alikuwa analia na hakusalimia mtu.

Mwalimu Khisa ameenda kula. Niko peke yangu na skrini. Nukta ya kijani inawaka, inazima, inawaka.

Nimeshika simu nimpigie mtu nimwambie inafanya kazi. Kidole kilikuwa tayari kwenye jina lake. Miaka yote hiyo ni yeye ninayempigia.

Nimeirudisha simu mezani. Nimekunywa chai yangu, imeshapoa.